Mbono Uliosukwa wa Mtabila

Tulimzika Venansia huko Kasulu mwezi uliopita, na kwenye msalaba wake yaliandikwa kwa rangi nyeusi maneno mawili: Mama Nahimana. Nilikuwa nimesimama nyuma pamoja na wanawake wa jumuiya, nikasikia minong'ono inaanza hata udongo haujasawazishwa. Nahimana ni nani? Maana Venansia hakuwa na mtoto, mtaa mzima unajua. Mumewe, seremala aliyetangulia miaka kadhaa nyuma, alimwoa hivyo na akazeeka naye hivyo, na kwetu mwanamke asiye na mtoto huitwa jina lake tu, au wamwite kwa kazi ya mume. Yeye walimwita Mama Seremala. Kijana aliyeandika msalaba, mtoto wa kaka yake seremala, aliulizwa akasema mama mdogo alimwapisha aandike hivyo, na sababu hakumpa. Basi macho yakanigeukia mimi, kwa kuwa wanakumbuka niliwahi kufanya kazi na marehemu. Nikajifanya napangusa vumbi kwenye sketi. Kisha mtu mmoja akachomeka kijiti cha mbono kichwani pa kaburi, kama tunavyofanya huku, na harufu ya utomvu wake ilipopanda puani nilijikuta nimesogea pembeni, nimeshika uzio wa watu, nalia kama niliyefiwa na mama mzazi.

Mimi si mtu wa mapepo. Niliweke hilo mbele kabisa, kwa sababu najua nitakayoyasema yatanifanya nionekane mmoja wa wale wanaoona vivuli kila kona. Nafundisha sayansi shule moja ya sekondari Kibondo, nina miwani, nina mvi, nina ulimi ambao wanafunzi wanauogopa kuliko fimbo. Habari za kwetu Busunzu naziacha. Hazina ajabu yoyote, na watu wa kwetu hawapendi kuandikwa. Nataka kusema juu ya mwaka mmoja tu, ule uliofuata baada ya kambi ya Mtabila kufungwa na Warundi kurudishwa kwao. Nilikuwa binti mwenye cheti kipya cha maabara na viatu vya kuazima, nimekaa nyumbani naota kuvu, nilipoitwa Kasulu kwenye mradi wa mafuta ya mbono.

Mradi wenyewe ulikuwa chumba kimoja. Kilikuwa stoo ya zamani nyuma ya duka la Mzee Sefu, mfanyabiashara mwenye mashine ya kusaga, ambaye babu yake alitoka Pangani na ambaye mpaka leo Kiswahili chake kinatuonesha sisi wengine kwamba tuliokota lugha njiani. Stoo ilinuka magunia na mavi ya panya. Tukaipaka chokaa, tukatoboa dirisha la pili, tukaweka meza mbili. Aliyetuongoza alikuwa Mhandisi Nestori, mtu wa Dodoma, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuongea na vyombo vyake kama watu wanavyoongea na ng'ombe. Dizeli ya kuendeshea mashine za kusaga hupanda huku milimani kwa malori, na barabara ikikatika watu wanakula mahindi ya kuchemsha. Yeye alitaka mashine zitumie mafuta ya mbono, mmea ambao umejaa kila mahali, na ambao hakuna mtu wala mbuzi anayeugusa kwa sababu mbegu zake ni sumu. Utamu wa kazi yake ulikuwa ndani ya maikrowevu, ile ile ya kupashia chakula mahotelini. Alikuwa ameitoboa juu, akapitisha bomba la shaba ili mawimbi yasivuje, na ndani ya bomba akapitisha mrija wa kioo wenye kikorogeo. Mafuta yaliyokamuliwa na kuchujwa tuliyachanganya na methanoli na kostiki kidogo, ile ya watengeneza sabuni, tukayafungia humo. Juu ya jiko kazi hiyo ingechukua saa nzima na zaidi. Humo ilikuwa suala la dakika.

Nilishapika maisha yangu yote, na sikuwahi kuzoea jambo lile. Hakuna mwali, hakuna joto ukutani, unaweka kiganja kwenye mlango wa chombo na ni baridi kama mlango wa kabati, na ndani yake mafuta yanaanza kucheza. Nestori alisema joto linazaliwa ndani ya mafuta yenyewe, halitoki nje kwenda ndani. Nilielewa, nilikuwa nimesomea. Lakini kuelewa ni kitu kimoja, na kukaa peke yako chumbani na kile kimlio cha maikrowevu, umeme wa Kasulu wa siku zile ukikatika na kurudi utakavyo, ni kitu kingine. Mara nyingine umeme ulikatika, mlio ukanyamaza, na mafuta yakaendelea kucheza kidogo gizani mwa chombo. Nilikuwa nageuza kiti nisiyatazame.

Venansia ndiye aliyetupikia. Alikuwa na umri wa kuwa dada yangu mkubwa kabisa, mwembamba, kitenge chake siku zote kimefungwa kwa juu karibu na kwapa, mwendo wa kimya kiasi kwamba uligeuka ukamkuta. Alikulia kambini Mtabila, seremala akamtoa huko kwa ndoa kabla kambi haijafungwa, na kwa hiyo wenzake waliporudishwa yeye alibaki. Alipika mbali, upande wa pili wa ua, kwa sababu mvuke wa methanoli na jiko la mkaa havikai pamoja. Mchana alituletea ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo kwa mawese, siku njema samaki mkavu wa mgebuka, na sisi tukala juu ya meza ya maabara, kitu ambacho leo ningemfukuza mwanafunzi kwa kukifanya. Hakula nasi. Alisimama mlangoni akiitazama maikrowevu. Siku moja aliniuliza kwa sauti ya chini kama kitu kilichomo kinaumia. Nikacheka. Kisha nikaona hakuwa anacheka.

Mafuta yetu ya kwanza yaliharibika. Tulinunua mbegu zilizookotwa chini, zimenyeshewa, zimechacha, na mafuta yake yalipokutana na kostiki yaligeuka uji wa kijivu unaoteleza. Sabuni, kwa lugha fupi. Mzee Sefu alichungulia akasema mhandisi amesomeshwa mpaka akawa dobi. Nestori hakukasirika. Alisema tunahitaji mbegu zilizochumwa mtini, zilizokomaa mwaka huu, na nyingi, na mahali penye mibono mingi iliyosimama bila mwenyewe palikuwa Mtabila tu. Venansia alikuwa anakusanya sahani. Aliziweka chini zote, moja juu ya nyingine, polepole, akasema naye atakwenda kuchuma. Nestori akamwambia chakula je. Akajibu kwamba atapika alfajiri.

Sijui niieleze vipi Mtabila ya mwaka ule kwa mtu ambaye hakuiona. Nyumba zilikuwa zimebomolewa na mvua imezifanya vichuguu. Lakini watu wale walizungushia nyumba zao vijiti vya mbono, na kijiti cha mbono ukikichomeka ardhini kinashika. Kwa hiyo nyumba zilikufa, nyua zikabaki hai. Ulisimama juu ya kilima ukaona mji mzima wa majani, mitaa yake imenyooka, kila ua una pengo lake la mlango, na katikati ya kila ua mafiga matatu yanasubiri chungu. Hakuna aliyekuwemo. Na bado hukuweza kukatiza. Mguu wenyewe ulikataa kupita juu ya ua wa mtu, ulizunguka mpaka mlangoni. Venansia alifika kwenye pengo la kwanza akasimama, akasema, "Hodi." Akasubiri kidogo, kama mtu anavyosubiri kweli. Kisha akaingia akaanza kuchuma. Pengo la pili, hodi. La tatu, hodi. Nestori alitabasamu, mimi nikaona aibu kwa niaba yake. Lakini jua lilipopanda nilikuwa nami nasema hodi, kimoyomoyo kwanza, baadaye kwa mdomo. Na jioni, tukifunga magunia, nilimsikia Mhandisi Nestori upande wa pili wa majani, alikodhani hakuna anayemsikia, akisema hodi kwa sauti ya mtoto aliyetumwa kwa jirani.

Kitu kimoja kilinisumbua. Kila ua Venansia alipomaliza kuchuma aliinama, akachungulia mashina, akayapapasa kwa kiganja moja baada ya jingine. Safari ya pili nikamuuliza amepoteza nini. Tulikuwa tumekaa juu ya magunia, tunagawana muhogo uliochomwa, na akanieleza huku akitazama muhogo, hakunitazama mimi. Alizaa hapo, akiwa msichana, kwa mume wake wa kwanza. Mtoto alitoka na hakulia. Wanawake walimpiga mgongoni, wakamchovya maji ya baridi, wakampulizia, wapi. Mama mkwe wake akasema kwamba kwao mtoto ambaye hakulia haliliwi, wala hapewi jina, na wakamzika nyuma ya nyumba wanaume wakiwa bado kwenye foleni ya mgao. Hakuna aliyekaa matanga. Jioni ile ile waliendelea kusonga ugali. Yeye, alipopata nguvu ya kusimama, alivunja vijiti vitatu kwenye ua, akavisuka kama anavyosukwa msichana nywele, akavichomeka pale. Halafu mambo ya kambi: wakahamishwa upande mwingine, mume akarudi Burundi na kundi la mwanzo, na pale nyuma ya nyumba pakajengwa nyumba ya watu wengine, nao wakazungusha ua wao.

"Nilijua nitapakumbuka," aliniambia. "Sasa yote ni mbono. Ua ni mbono, kaburi ni mbono. Nitajuaje mwana wanje, mwanangu, ni yupi?"

Nikataka tumwambie Nestori. Akanishika mkono, akasema oya, hapana. Mtu akisikia kuna makaburi atafunga njia, na hakuna tena atakayetupa ruhusa ya kuingia Mtabila, naye hatakuja huku peke yake. Alitaka tu kumpata. Nikakubali, na kuanzia hapo nami nikawa nainama kuchungulia mashina.

Mbegu zile zilitoa mafuta safi. Yalitulia kwenye chupa usiku mmoja, gliserini nyeusi ikakaa chini, juu yake kukabaki kitu angavu cha rangi ya dhahabu ambacho ungeweza kusomea gazeti kwa upande wa pili. Mzee Sefu akayatia kwenye injini ya mashine yake, nayo ikasaga. Tulishangilia kama wehu. Shida ilianza na harufu. Moshi wa mafuta ya mbono hauna ukali wa dizeli, unanuka kama mtu anakaanga karanga, na sokoni watu waligeuka kutafuta nani anakaanga, na hakuwepo. Kisha ikajulikana mbegu zimetoka wapi. Mama mmoja muuza nyanya akasema, tangu ale ugali wa unga ule, anaota mtu amesimama kwenye pengo la uzio wake akibisha hodi, na akiamka anakuta amekwisha kumkaribisha. Wa pili akasema naye. Wa tatu hakuwa anajuana na hao wawili. Mimi niliula unga ule na sikuota kitu chochote, nasema kweli, ila nilianza kulala na kanga imenifunika uso. Wanawake wakahamishia mahindi yao kwa mashine nyingine, bila ugomvi, wanapita mlangoni kwa Mzee Sefu wanamsalimia vizuri na debe kichwani. Yeye hakutulaumu. Alisema, kwa lafudhi yake ya baharini, kwamba mteja hatishwi wala habembelezwi, na akarudi kukaa mbele ya mashine iliyonyamaza.

Nestori hakukata tamaa. Aliamini watu watazoea, na yeye alikuwa anawaza mavuno ya mwaka unaofuata. Kiangazi kikaingia, mibono ikapukutisha majani, na siku moja wakati wa chakula akatuambia kwa furaha kwamba amepata vibarua wa kupogoa Mtabila yote. Mbono ukikatwa mpaka usawa wa goti, mvua zikija unachipua matawi mengi, unazaa maradufu. Kwao Dodoma mbono ni uzio tu, na uzio hupunguzwa. Alikuwa anachora kwa kidole juu ya meza, hapa wataanza, hapa watamalizia. Nilimtazama Venansia mlangoni. Mikono yake ilikuwa imeshika fremu ya mlango, na vidole vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyemenya muhogo siku nzima. Vijiti vilivyokatwa hadi goti na kuchipua upya vyote vinafanana, msuko hauonekani tena. Ukipogoa Mtabila umefuta kila alama aliyobakisha mtu humo.

Tulikwenda nao. Wanaume wa vijiji vya jirani, wana mapanga, wanaongea Kiha na kucheka mpaka tulipofika kwenye mapengo, hapo wakanyamaza. Walianzia upande jua linakochomoza. Mimi na Venansia tukaanzia upande wa pili, tunakimbia, tunapapasa mashina, na sauti ya mapanga inatujia ikikaribia. Alikuwa bado anasema hodi. Hata akikimbia alisimama kwenye kila pengo, akasema hodi, akasubiri, mpaka nikamkasirikia, nikamwambia tutachelewa, na akanijibu kwa upole kwamba hawezi kuingia kwa mtu hivi hivi. Kwenye pengo moja alisubiri zaidi. Nilikuwa hatua chache nyuma yake. Nikaona ameinua kichwa, kisha akasema "ego," kama mtu aliyeitwa na kuitika. Mimi sikusikia sauti yoyote. Nilisikia kwamba mapanga yamenyamaza.

Kibarua mmoja, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, alikuwa ameshusha panga lake na amerudi nyuma. Mbele yake palikuwa na mbono ambao haukuwa kwenye mstari wa ua wowote. Ulikuwa umesimama peke yake kidogo ndani, na shina lake lilikuwa nene kama paja, mashina matatu yaliyopindana na kumezana mpaka yamekuwa kitu kimoja. Kibarua yule alikuwa amekata tawi lake moja. Utomvu ulitiririka, na utomvu wa mbono hutoka mweupe kama maji lakini ukipigwa na upepo hugeuka rangi ya damu iliyokauka. Mibono yote ya kilima kile ilikuwa fimbo tupu. Huu ulikuwa na majani yake yote, ya kijani, na umezaa mpaka matawi yameinama. Labda chini yake palikuwa na mkondo wa maji. Nimejiambia hivyo miaka yote hii.

Mzee yule alimwambia Nestori kwamba huu umesukwa na mkono wa mtu, na yeye hakati. Wenzake nao wakaweka mapanga chini. Venansia alipita katikati yao, akapiga magoti, akafuta jeraha la tawi kwa pindo la kitenge chake, anafuta na kufuta, na doa lile halikutoka kwenye kitenge kile mpaka kilipochakaa. Ilibidi mimi ndiye nimweleze Nestori. Nilimweleza kwa maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka kuangalia walikotoka, mstari baada ya mstari wa visiki vya usawa wa goti, vinavuja utomvu.

"Ni mingapi mingine?" akaniuliza.

 Akaketi chini palepale na suruali yake nzuri. Hakukatwa mbono mwingine Mtabila kwa ajili yetu, siku ile wala baadaye.

Venansia alichuma mbegu za mbono ule mwenyewe, zote, akazifunga kwenye kitenge, akazibeba mgongoni njia nzima hadi Kasulu. Tulimwacha. Kesho yake aliziweka juu ya meza yetu, akamwomba Nestori kitu ambacho nilidhani atakikataa. Alitaka zikamuliwe peke yake, zisichanganywe na nyingine, zitengenezwe mafuta, na mafuta yatiwe kwenye injini. Nestori akamuuliza kwa nini. Akasema mtoto hakulia, na mtu ambaye hakulia haliliwi, na yeye amekaa na kilio hicho kifuani tangu usichana wake hana ruhusa ya kukitoa. "Hii mashine yenu inapiga kelele," akasema. "Munipe nimsikie mara moja tu."

Sijawahi kuona mtu akifanya kazi kwa adabu kama Nestori siku ile. Hakuongea na vyombo. Alipofunga mlango wa maikrowevu na ule mlio ukaanza, Venansia alisogea kwa mara ya kwanza, akaweka kiganja chake juu ya chombo. Baridi, kama siku zote. Alikaa hivyo, macho yamefumba, mpaka kilipojizima. Sikumcheka, na nilijua anachouliza, kama kinaumia. Nikamwambia hapana, dada, hakiumii. Sikuwa na ushahidi wa hilo, nilisema tu kwa sababu nilitaka iwe hivyo.

Jumapili asubuhi, watu wakiwa misani na soko limefungwa, Mzee Sefu alitufungulia. Alikwisha kuambiwa. Alikuwa amevaa kanzu safi na kofia, na alikuwa ameutoa mkanda unaounganisha injini na kinu, ameukunja, ameutundika ukutani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema leo haitasaga kitu cha mtu kula, leo itasema tu. Ameisafisha mirija, amemwaga dizeli yote iliyobaki. Nestori akamimina mafuta, kichupa kile tu, yakaingia yote. Mzee Sefu akashika mpini wa kuwashia, akasimama. Huwa anaanza kwa bismillahi, kila siku, hata mvua inyeshe. Akamgeukia Venansia.

"Mwanangu, mie siwezi kumwita mtu nisiyemjua jina," akamwambia. "Jina lake nani?"

Niliona jinsi swali lile lilivyomfika. Hakuna aliyewahi kumuuliza.  Kwaya ya misa ilisikika kwa mbali, ikapumzika, ikaanza tena, na bado alikuwa anatafuta, mpaka nikaogopa kwamba hatasema. Kisha akasema, Nahimana. Ni jina la kumwachia Mungu. Mzee Sefu akalirudia kwa ulimi wake wa Pangani, akalitamka vibaya, akarekebishwa, akalitamka vizuri. Akasema bismillahi, akazungusha.

Injini ile nilikuwa naijua. Miezi yote ile niliisikia ikiwashwa, na siku zote huanza kwa kukohoa, vikohozi viwili vitatu vya mzee, ndipo ianze kudunda. Siku ile haikukohoa. Ilianza kwa sauti nyembamba, ndefu, moja, inapanda, inakatika kama imeishiwa pumzi, inapanda tena. Labda ilikuwa hewa kwenye mirija, baada ya kusafishwa vile. Nestori ndivyo alivyonieleza baadaye na mimi ndivyo ninavyowaeleza wanafunzi. Lakini pale chumbani Mzee Sefu, aliyekaa na mashine umri wake wote, aliachia mpini akarudi nyuma hadi ukutani. Kisha ikashika, ikadunda sawasawa, na harufu ya karanga ikajaa. Venansia alikuwa amekaa chini sakafuni, kitenge kile chenye doa amekifumbata kifuani kwa mikono miwili, anayumba kidogo mbele na nyuma. Hakulia. Alikuwa anasikiliza, na midomo yake ilikuwa inasema kitu kwa Kirundi ambacho mdundo haukuniachia nikisikie.

Mafuta yalikuwa kidogo. Mdundo ukapungua, ukawa na mapengo, ukawa pumzi, ukakoma. Tulisikia chuma kikipoa. Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti yote, kama wanavyolia wanawake wetu kwenye mlango wa msiba, na mayowe yake, na mikono kichwani, bila kujali mtaa. Waumini waliokuwa wanatoka misani wakasimama barabarani, na wanawake kadhaa, wale wale waliohamisha mahindi yao, wakaingia bila kuuliza nani amekufa, wakaketi naye sakafuni. Mmoja alikuwa yule muuza nyanya. Wakakaa hivyo mpaka jua likasogea.

Mradi ulifungwa kabla mwaka haujaisha. Nestori alirudi Dodoma na maikrowevu yake, hatukuandikiana. Kambi ya Mtendeli, upande wetu wa Kibondo, ilikuja kufunguliwa tena, ikajaa, ikafungwa, na huwa nikipita karibu naona nyua zake za majani zimesimama bila nyumba. Sijawahi kukatiza. Na kila nikiulizwa juu ya ule msalaba wa Kasulu, mtu akitaka kujua nani alimpa Venansia jina lile ilhali hakuwahi kuonekana na mtoto, narudi kwenye ile Jumapili, kilio kilipotulia na wanawake wakimwinua kutoka sakafuni. Mzee Sefu alikuwa amesimama kando ya injini yake, kofia mkononi. Akasogea, akainamisha kichwa kidogo kama anavyofanya mbele ya wafiwa, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, Mama Nahimana."

Na yeye akaitika.